Daktari Frantz Fanon na Kadi Tupu ya Blida

Wengi wetu tumelisikia jina la Frantz Fanon kwenye midahalo ya siasa. Hutajwa pamoja na akina Nkrumah na Lumumba, na mara nyingi anayemtaja amesoma sura moja tu ya kitabu chake, ile inayohusu matumizi ya nguvu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi yake ya kila siku, iliyomlisha yeye na mkewe na mtoto wao, ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili, na kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa Waislamu. Katika toleo hili tumeonelea tuyasimulie maisha yake tukikaa zaidi hospitalini kuliko jukwaani. Kuna jambo moja alilolifanya mwaka 1956 akiwa na wanawake wa Kiislamu wa Algeria ambalo, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi tulioko vyuoni kuliko hotuba zake nyingi.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibea. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya forodha na mama yake alikuwa na duka. Haikuwa familia ya kimaskini. Watoto walilelewa wajione Wafaransa, wakaimbishwa nyimbo za Kifaransa na kukatazwa kuzungumza Krioli ya mitaani. Alisoma Lycée Schoelcher, shule ambayo mshairi Aimé Césaire alikuwa akifundisha, na huko ndiko alikoanza kusikia kwamba mtu mweusi hana sababu ya kuionea haya ngozi yake.

Vita Kuu ya Pili ilipowaka alitoroka kisiwani, akiwa bado kijana mdogo, akajiunga na jeshi la Wafaransa huru lililopigana na Hitler. Mwaka 1944 alipelekwa Moroko, kisha Algeria, kisha Ufaransa yenyewe. Jeshini aliona jinsi askari walivyopangwa kwa rangi: Wazungu juu, watu wa visiwani katikati, Waarabu na Waafrika chini. Alijeruhiwa mashariki mwa Ufaransa akatunukiwa nishani ya ushujaa. Cheti cha nishani ile kilitiwa saini na Kanali Raoul Salan, ambaye miaka kumi na kitu baadaye angekuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa nchini Algeria, akiwasaka watu ambao Fanon alikuwa upande wao.

Baada ya vita alikwenda Lyon kusomea udaktari, akachagua magonjwa ya akili. Alipotaka kutoa kama tasnifu yake maandishi kuhusu namna ubaguzi unavyomuathiri mtu mweusi nafsini mwake, wakubwa wake hawakuyapokea. Aliandika tasnifu nyingine ya kitabibu hasa, juu ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, akapata shahada yake mwaka 1951. Yale maandishi yaliyokataliwa yalichapishwa mwaka 1952 kwa jina la Peau noire, masques blancs, yaani ngozi nyeusi, barakoa nyeupe. Mwaka huohuo aliandika makala kuhusu vibarua wa Kiarabu waliokuwa wakienda kwa madaktari wa Ufaransa wakilalamika maumivu ambayo daktari hakuyaona mahali pake. Madaktari walisema watu hawa wanajisingizia. Fanon aliuliza kwa nini daktari anaanza kwa kumdhania mgonjwa uongo. Swali hilo hakuliacha mpaka anakufa.

Alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Saint-Alban, chini ya François Tosquelles, daktari aliyekimbia Hispania baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tosquelles aliamini kwamba hospitali yenyewe huweza kuwa mgonjwa, na kwamba lazima kwanza itibiwe hospitali ndipo wagonjwa wapone. Wagonjwa walishirikishwa kazi, gazeti, michezo na mikutano. Fanon aliondoka huko na somo hilo, na mwezi Novemba 1953 akaanza kazi kama mkuu wa idara katika hospitali ya Blida-Joinville, si mbali na jiji la Algiers.

Hospitali ilikuwa imegawanywa kama nchi ilivyogawanywa. Wazungu walikuwa na wodi zao, Waislamu wodi zao. Fanon alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume wa Kiislamu 220. Akaanzisha kwa wote yale aliyojifunza Saint-Alban: sherehe, filamu, muziki, gazeti, kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri baada ya muda si mrefu. Kwa wanaume wa Kiislamu hayakwenda kabisa. Mikutano ilikuwa kimya, gazeti halikuandikwa, kusuka vikapu walikuona kuwa ni shughuli ya wanawake. Wauguzi wazoefu walimtazama daktari huyu kijana kana kwamba wanamwambia kimoyomoyo kuwa walijua tangu mwanzo.

Mwaka 1954 yeye na mwanafunzi wake Jacques Azoulay waliandika ripoti juu ya kushindwa huko. Ni maandishi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa saikolojia ayasome. Hawakusema wagonjwa ni wagumu. Walisema wao madaktari walikuja na mila za Ufaransa wakadhani ni mila za binadamu wote, na kwamba kwa kufanya hivyo walikuwa wakiendesha siasa ileile ya mkoloni ya kutaka Mwalgeria ayeyuke awe Mfaransa. Walibadilisha njia. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, ambamo wanaume walikaa wakanywa kahawa na kucheza. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Akaletwa msimulizi wa hadithi, fundi wa kazi hiyo, wagonjwa wakakusanyika kumzunguka kama wanavyofanya watu sokoni. Watu walewale waliosemwa hawana hamu na lolote wakaanza kuja wenyewe.

Hapo ndipo tufike kwenye zile picha.

Katika miaka ya 1930, katika kliniki ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Christiana Morgan na Henry Murray walitengeneza kipimo kinachojulikana kwa herufi TAT. Walikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na seti kamili ikatolewa mwaka 1943. Ni kadi 31. Kadi 30 zina picha, nyingi zikiwa za watu katika hali isiyoeleweka vizuri: mvulana ameketi akiitazama fidla iliyo mbele yake; msichana ameshika vitabu na nyuma yake mwanamume analima; mtu amejikunja sakafuni karibu na kochi; mwanamke amefungua mlango nusu akichungulia chumbani. Kadi moja, namba 16, haina kitu. Ni nyeupe tupu. Anayepimwa huombwa asimulie kisa kwa kila kadi: kuna nini, kilianzaje, hawa watu wanawaza na kuhisi nini, kitaishaje. Wazo la Morgan na Murray ni kwamba mtu hawezi kutunga kisa cha mtu mwingine bila kutia ndani yake hofu na matamanio yake mwenyewe. Mpimaji husikiliza visa vyote, kisha hutafuta yanayojirudia.

Kipimo hiki kina mvuto. Hakimuulizi mtu moja kwa moja kama anamchukia baba yake. Kinampa mvulana na fidla, kisha kinanyamaza.

Fanon na tabibu kijana aliyekuwa akifanya mafunzo kwake, Charles Geronimi, walikuwa wamekitumia kwa wagonjwa wa Kizungu na kukiona kinafaa. Wakakipeleka kwa wanawake wa Kiislamu. Matokeo, kwa yeyote anayehesabu kwa vigezo vya Harvard, yalikuwa mabaya sana. Wanawake hawakusimulia visa. Walizigeuza zile kadi, wakazikagua, wakajaribu kutambua kilichochorwa: huyu ni mwanamume au mwanamke, hiki ni kitu gani, anaumwa kichwa au amelala? Walitaja vitu kimoja kimoja, kama mtu aliyeambiwa ahesabu mizigo ya mgeni. Hapakuwa na mwanzo, hapakuwa na mwisho, watu wa pichani hawakutenda lolote. Wengine waliona haya kubuni, wakisema kwamba kusema usilolijua ni uongo na uongo ni dhambi, na yatakayotokea anayajua Mwenyezi Mungu peke yake.

Sisi tunaosoma taaluma za Kiislamu tunaielewa haraka haya hiyo. Aya ya 36 ya Suratul Israa inatutahadharisha tusifuate jambo tusilokuwa na elimu nalo, na elimu ya ghaibu ni ya Allah. Mwanamke aliyelelewa katika adabu hiyo, anayekaa mbele ya daktari wa serikali wakati wa vita, akiulizwa mtu asiyemjua anawaza nini na kesho yake itakuwaje, hana sababu ya kujibu kwa wepesi. Huo ni uaminifu wa shahidi. Mpimaji asiyeijua adabu hiyo angeandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa hana uwezo wa kuwaza.

Na kuandika hivyo kungekubaliwa bila mjadala, maana ndivyo wakubwa wa fani walivyokuwa wakifundisha. Kitivo cha udaktari cha Algiers kilikuwa na shule ya fikra iliyoanzishwa na Profesa Antoine Porot. Yeye na wanafunzi wake walieleza katika majarida ya kitabibu kwamba Mwislamu wa Afrika Kaskazini ni mwongo kwa maumbile, mwepesi wa jinai, mwenye akili ya kitoto, na kwamba maisha yake yanatawaliwa na sehemu za chini za ubongo. Huku kwetu Afrika Mashariki mambo hayakuwa tofauti. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, ambamo watu waliodai ardhi yao walielezwa kama wagonjwa. Hivyo faili moja la mwanamke wa Blida aliyeshindwa kusimulia picha halikuwa jambo la hospitali tu. Lingekuwa tofali jingine kwenye ukuta huo.

Fanon na Geronimi waliendelea mpaka kadi tupu. Na hapo wanawake wakasimulia. Visa vilikuja virefu, vya aina nyingi, vyenye watu wanaotenda na kuhisi. Mbele ya karatasi isiyo na kitu walikuwa na mengi ya kusema, na mbele ya picha walikuwa kama mabubu.

Hapo maelezo yote mepesi yalivunjika. Hawa hawakukosa uwezo wa kuwaza. Mtu asiyeweza kuwaza angeshindwa zaidi pasipo na picha. Wala dini haikuwa imewafunga akili, kama ambavyo wengine wangependa kusema, kwa kuwa dini yao ilikuwa ileile walipoishika kadi tupu. (Hili nalitia mkazo kwa sababu lina wapenzi pande mbili: wapo wanaotutukana kwa kusema Uislamu unaua ubunifu, na wapo ndugu zetu wanaojisifu kwa jambo hilohilo.) Kilichokwama kilikuwa picha. Nyumba ile, kochi lile, namna ile ya mwanamke kusimama mlangoni, mvulana peke yake na fidla yake: yote yalitoka katika maisha ya Marekani na Ulaya. Ili utunge kisa kutokana na picha lazima kwanza uwe umo ndani ya dunia ya picha hiyo. Wanawake hawa waliwekwa mbele ya dunia isiyokuwa yao, tena ni dunia ya walowezi waliowanyang'anya ardhi, kisha wakapimwa kwa namna wanavyostarehe ndani yake. Kadi tupu iliwaondolea dunia hiyo mbele ya macho, wakairudia ya kwao.

Walilisoma jambo hili mwaka 1956 kwenye mkutano wa madaktari wa magonjwa ya akili uliofanyika Bordeaux. Makala yenyewe ni ya kurasa chache. Inafaa kuongeza kwamba si wao tu waliogundua kuwa picha za Harvard zina mipaka. Mfaransa André Ombredane alikwisha kutengeneza seti nyingine kwa ajili ya watu wa Kongo, akaiandikia mwaka 1954. Lakini kubadilisha sura za watu kwenye picha ni jambo moja. Kusema kwamba aliyeshindwa mtihani ni mtihani wenyewe ni jambo jingine, na daktari wa serikali alihitaji ujasiri kulisema hilo mwaka ule.

Tusimpambe kupita kiasi. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle vya kutosha kuzungumza na wagonjwa wake. Alitegemea wauguzi kumfasiria, na kila anayejua kazi ya mkalimani anajua ni mangapi hupotea njiani, hasa kwa mwanamke anayezungumzia nyumba yake. Wala hakuwa Mwislamu. Alisafiri vijijini kuwaona waganga na kuhudhuria mikesha yao, na mwaka huohuo wa 1956 aliandika na mwenzake François Sanchez namna Waislamu wa Maghreb wanavyomtazama mwendawazimu: kwamba ugonjwa ni kazi ya majini, hivyo mgonjwa halaumiwi wala hachukiwi kwa aliyoyafanya. Aliona huruma katika hilo ambayo Ulaya ilikuwa imeipoteza. Lakini aliiona kama mtafiti anayeheshimu, si kama muumini. Miaka michache baadaye aliandikiana na Ali Shariati, Mwirani aliyekuwa akisoma Paris. Alikiri nguvu iliyomo katika Uislamu ya kupambana na ukoloni, akaeleza pia kwamba njia yake ilikuwa tofauti. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Alifanya uadilifu kwa watu wasiokuwa wa dini yake, na Suratul Maida inatuamuru sisi tufanye vivyo hivyo.

Wakati haya yakiandikwa vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza, tangu Novemba 1954. Hospitali ikawa mahali pa ajabu. Mchana Fanon aliwatibu askari polisi wa Kifaransa waliokuwa hawalali kwa sababu ya vilio vya watu waliowatesa, na katika majengo hayohayo alikuwapo aliyeteswa. Ameandika juu ya polisi mmoja aliyekutana bustanini na mtu aliyepitia mikononi mwake. Polisi alikutwa akitetemeka kwa hofu. Yule mwingine alikutwa amejificha chooni akitaka kujiua, akiamini amekuja kuchukuliwa tena. Fanon aliwatibu wote wawili. Kwa siri alikuwa pia akiwasaidia wapiganaji wa chama cha ukombozi, FLN.

Mwishoni mwa 1956 alimwandikia barua ya kujiuzulu Robert Lacoste, waziri wa Ufaransa aliyeitawala Algeria. Hoja yake ilikuwa ya kitabibu: kazi ya daktari wa akili ni kumrudisha mtu awe mwenyeji katika mazingira yake, na Mwalgeria amefanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe, hivyo hakuna tiba inayowezekana chini ya utawala huo. Tukiisoma barua hiyo baada ya kuisoma habari ya zile kadi tunaona ni wazo moja. Januari 1957 alifukuzwa nchini.

Alihamia Tunis, akaendelea kutibu wagonjwa huko huku akiliandikia gazeti la FLN, El Moudjahid. Desemba 1958 alikuwa Accra katika mkutano wa watu wa Afrika yote, ulioongozwa na Tom Mboya wa Kenya. Mwaka 1959 alitoa kitabu juu ya mapinduzi ya Algeria, ambamo sura ya kwanza inaeleza jinsi mkoloni alivyolifanya baibui la mwanamke kuwa uwanja wa vita. Aliponea ajali mbaya ya gari, akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana, akasafiri kupitia Mali kutafuta njia ya kupitisha silaha kutoka kusini. Aliporudi alikuwa amechoka kupita kawaida. Vipimo vilionyesha saratani ya damu.

Alitibiwa Moscow, akapata nafuu kidogo, na katika mwaka 1961 akaandika kwa haraka kitabu cha mwisho, Les Damnés de la terre. Sura yake ya mwisho ni ya mafaili ya wagonjwa wa Blida, na humo ndimo anamjibu Porot, na anamjibu Carothers wa Nairobi pia. Kitabu kilitoka akiwa kitandani. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961 katika hospitali ya Bethesda, karibu na Washington, akiwa na umri wa miaka 36. Mwili ulirudishwa Tunis, wapiganaji wakauvusha mpaka, wakamzika katika ardhi ya Algeria kama alivyoomba. Uhuru ulipatikana Julai 1962.

Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake. Kitabu cha mwisho kilitafsiriwa kwa Kiswahili, kikachapishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Anayebahatika kukikuta katika maktaba ya chuo aanze na ile sura ya mwisho. Makala ya wale wanawake na kadi zao ilikaa karibu miaka sitini ndani ya kumbukumbu za mkutano wa Bordeaux, ikisomwa na wataalamu wachache, mpaka mwaka 2015 ilipochapishwa upya Paris pamoja na maandishi yake mengine ya udaktari.